Watoto Wetu Wamegeuzwa Chambo cha Kura

Kijana mmoja wa kampeni aligonga mlango wangu hapa kaunti ya Gwinnett, pembeni mwa Atlanta, Georgia, Marekani, tableti mkononi, fulana imelowa jasho. Kijana mwenye adabu, nikampa maji. Akaniuliza ni jambo gani lina uzito zaidi kwangu katika uchaguzi wa 2026. Nikamjibu: hela ya watoto, ile nafuu ya kodi ya wazazi iliyokatwa. Akashusha orodha yake hadi chini, akaipandisha tena. Uchumi upo, mipaka ipo, utoaji mimba upo, uhalifu upo. Watoto hawamo. Akaniomba radhi, akabonyeza "mengineyo".

Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na walioiandaa orodha ile, kwa sababu ndio hao hao wanaojaza masanduku yetu ya barua vipeperushi vyenye picha za akina mama na watoto wao. Kila baada ya miaka miwili tunaambiwa kwamba wazazi wa vitongoji vya Atlanta, Philadelphia na Phoenix ndio watakaoamua nani atawale. Tunapigiwa simu wakati wa chakula cha jioni, tunatajwa kwenye midahalo. Kura zikishahesabiwa, tunakuwa mengineyo.

Hela ya watoto ndiyo iliyonivunja moyo, kwa hiyo niisimulie yote.

Wenzangu wa Georgia hamjaisahau Januari 5, 2021. Duru ya pili, viti viwili vya Seneti, na zaidi ya dola milioni 800 zikamwagwa katika jimbo moja. Tulipiga kura kwenye baridi ile, wengine tukitokea shifti ya usiku na sare za kazi mwilini. Jon Ossoff na Raphael Warnock wa Democrat wakashinda, Seneti ikawa 50 kwa 50 kati ya vyama viwili, na kura ya kuvunja sare ikawa mikononi mwa makamu wa rais, Kamala Harris. Bila kura zetu, sheria ya uokozi wa uchumi wakati wa korona aliyoisaini Rais Biden Machi 11 isingepita, maana hakuna Mrepublican hata mmoja aliyeiunga mkono.

Kwa sheria hiyo, kuanzia Julai 15 mwaka huo, ukiacha wenye vipato vikubwa, familia zilianza kupata kila mwezi dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka 6 na dola 250 kwa mkubwa hadi miaka 17. Hela iliingia benki yenyewe. Hakukuwa na foleni wala ofisa wa kukuhoji maisha yako. Kwa mara ya kwanza hata mzazi asiye na kipato alipata nafuu hiyo ya kodi kamili, sawasawa na jirani yake mwenye kazi nzuri.

Mimi nilikuwa na mmoja deikea, yaani kituo cha kulelea watoto, na mmoja shule ya msingi. Dola 550 zile ziliniwezesha kuacha shifti ya Jumamosi. Kabla ya hapo, Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nambeba binti yangu akiwa bado usingizini, nimemfunika blanketi, nampeleka kwa jirani ndipo niende kazini. Miezi ile tulikuwa tunakaa sebuleni namfumua nywele, namwosha, namsuka bila haraka, naye ananisimulia mambo ya shule yote kuanzia Jumatatu. Mbeba maboksi yeyote anayesoma hapa anajua Jumamosi moja ina thamani gani.

Wala haikuwa nyumba yangu tu. Ofisi ya sensa inapima umaskini wa watoto kwa kuhesabu pia misaada ya serikali. Kwa kipimo hicho, mwaka 2021 ulishuka hadi asilimia 5.2, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa. Mwaka 2022 ukapanda hadi asilimia 12.4. Zaidi ya mara mbili, ndani ya mwaka mmoja! Hapakuwa na vita wala ukame. Kuna watu waliochaguliwa, wanaolipwa mshahara, waliokaa wakaiacha sheria ikafikia ukomo wake.

Malipo ya mwisho yaliingia Desemba 15. Siku nne baadaye Joe Manchin, seneta wa Democrat kutoka West Virginia, akaenda kwenye televisheni akatangaza kwamba muswada ambao ungeyaendeleza hataupigia kura. Chama chake kikamtupia lawama zote, na anastahili sehemu yake. Lakini ule ukomo wa mwaka mmoja waliuandika wao wote kwenye sheria, wakijua wana kura 50 tu na hawana hata moja ya ziada. Na Warepublican 50 waliokaa upande wa pili, wanaohubiri familia kila wanaposhika kipaza sauti, hakujitokeza hata mmoja kusema watoto hawa ni wangu pia.

Tukaambiwa tusubiri, tukasubiri. Januari 31, 2024 Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada mwingine kwa kura 357 dhidi ya 70. Ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza na umefungwa pamoja na nafuu za kodi za makampuni, lakini ungezifikia familia za kipato cha chini. Nilidhani kwa wingi ule wa kura, kutoka vyama vyote viwili, limekwisha. Ukafika Seneti, ukalala. Chuck Grassley, seneta Mrepublican wa Iowa, alieleza sababu hadharani: ukipita, rais ataonekana mzuri kwa kutuma hundi kabla ya uchaguzi, na anaweza kuchaguliwa tena. Aliyasema hayo mbele ya waandishi wa habari kama mtu anayeeleza ratiba ya treni.

Agosti 1 wakauleta kupigiwa kura wakiwa mlangoni kwenda mapumziko. Zilihitajika kura 60. Zikapatikana 48 dhidi ya 44. Wakuu wa Democrat walijua kabla kwamba hazitoshi, walitaka tu orodha ya waliokataa ili waitumie kwenye kampeni. JD Vance, seneta wa Ohio wakati huo na mgombea mwenza wa Trump, hakuwepo kabisa. Siku kumi baadaye akasema angependa kila mtoto apate dola 5,000. Wiki hiyo hiyo Harris akaahidi dola 6,000 kwa mtoto mchanga. Muswada uliokuwa mezani wameuacha ukafa, kisha wanashindana kutupandia bei ya ahadi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba watoto wetu ni chambo, na mvuvi hana haraka ya kukitoa chambo kwenye ndoana.

Najua kuna watakaoniambia vyama havifanani. Havifanani. Kwenye bima ya afya na uhamiaji tofauti ni kubwa, na nina chama ninachokipigia kura. Nakiri pia kwamba sheria aliyoisaini Trump Julai 4, 2025 iliipandisha nafuu hiyo kutoka dola 2,000 hadi 2,200 kwa mtoto kwa mwaka na kuweka dola 1,000 kwenye akaunti ya kila mtoto raia atakayezaliwa kati ya 2025 na 2028. Ni kitu. Ila mzazi mwenye kipato kidogo mno bado haipati kamili, naye ndiye anayeihitaji kuliko sisi sote.

Mtu asiniambie haiwezekani. Jimbo hili hili lilifungua chekechea ya bure kwa watoto wote wa miaka minne mwaka 1995, kwa fedha za bahati nasibu, na magavana wa vyama vyote viwili wameiendeleza hadi leo. Wanangu wamepita humo.

Bunduki nazo. Septemba 4, 2024, shule ya sekondari ya Apalachee, kaunti ya jirani, wanafunzi wawili na walimu wawili waliuawa kwa risasi, na mshitakiwa alikuwa mtoto wa miaka 14. Tulichopata ni sheria ya vitufe vya dharura na kubadilishana taarifa za wanafunzi. Kumlazimisha mzazi afungie bunduki yake nyumbani kumewashinda.

Na hata tukimpata mtu wetu wanatuhamishia. Lucy McBath, mbunge wa Democrat wa hapa Georgia, aliingia siasa kwa sababu mwanawe alipigwa risasi na kufa mwaka 2012, mama wa kitongoji kama sisi. Mara mbili wamechora upya ramani akalazimika kugombea jimbo jingine la uchaguzi, na mara ya pili Gwinnett yetu ikakatwa vipande.

Sheria ya 2025 ina kifungu ambacho hakuna kipeperushi kinachokitaja. Ili kuipata hela ya watoto, mtoto kuwa na namba ya hifadhi ya jamii, ile ya raia na wenye kibali cha kazi, hakutoshi tena, lazima angalau mzazi mmoja awe nayo pia. Kuna mama tunasali naye, anasafisha ofisi usiku, analipa kodi kila mwaka kwa namba ile ya walipakodi wasio na hifadhi ya jamii. Mwanawe amezaliwa hapa hapa Lawrenceville, raia kamili. Msimu huu alinionyesha fomu aliyojaziwa, na kwenye mstari wa watoto kuna sifuri. Aliniuliza kama mtayarishaji amekosea. Nikamwambia hajakosea. Akaniuliza tena, kwa sababu mwaka juzi alipata.

Novemba nitapiga kura, sitasusa. Lakini kampeni zote mbili zinazonitumia ujumbe wa kuomba dola 25 zifute namba yangu. Nimekaa na akina mama wanne pale kanisani, tumekubaliana kwamba fedha tuliyozoea kuwachangia wagombea mwaka huu inalipa deikea ya mtoto huyo mpaka Agosti atakapoanza chekechea.