Betri mpya, gari halifunguki

Jamani, nimechoka na hizi betri za rimoti ya gari! Juzi hapa Mtwara nimenunua CR2032 mpya, ile betri bapa kama sarafu, nikaiweka, alama ya kujumlisha ikiangalia kulekule ilikokuwa. Nabonyeza, kimya. Nasogea mpaka mlangoni, kimya. Ikabidi nichomoe ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti ndipo nifungue. Nikaanza kuhofia rimoti imeharibika, nitafute mtu wa kuisajili upya kwenye gari, gharama juu ya gharama. Fundi redio akaipima tu: volti 2.6, wakati betri mpya hutakiwa kusoma 3 au zaidi kidogo. Imekaa kabatini na joto letu hili, halafu unauziwa kama mpya! Wauzaji, pimeni kwanza. Mita mnazo.