Mseto haujagoma Kagera, ila namba zake zinatangazwa nusunusu

Tangu watafiti wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, waonyeshe kwamba vimelea vya malaria vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H vimeshika mizizi Kagera, hasa Karagwe, habari inazunguka kwa sentensi moja tu: mseto umegoma. Haujagoma. Katika utafiti wa Karagwe wa mwaka 2022, waliokutwa bado na vimelea siku ya tatu walizidi asilimia 10, lakini waliopona hadi siku ya 28 walikuwa zaidi ya asilimia 90. Watu wameibeba namba ya kwanza, ya pili ikabaki kwenye jedwali.

Mseto unaozungumziwa, ALu, ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Artemetha huua vimelea vingi haraka na kutoka mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini hukaa siku kadhaa kumalizia vilivyobaki. R561H iko kwenye jeni ya kelch13, na kazi yake ni kuipunguzia kasi hiyo ya kwanza. Ndiyo maana wataalamu wanasema usugu wa sehemu. Mgonjwa anapona kwa sababu lumefantrini bado ina nguvu, na hapo ndipo penye wasiwasi wa kweli: mzigo wote unaielemea dawa moja.

Sasa tuiangalie hiyo siku ya tatu inavyopatikana, maana humo ndimo namba inamoharibikia. Anachaguliwa mtoto mwenye homa, asiye na malaria kali, na kila dozi anaimeza mbele ya mhudumu. Akitapika ndani ya nusu saa, anarudishiwa dozi nzima. Damu inachukuliwa siku ya sifuri, yaani siku ya kuanza dawa, halafu siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha ya 7, 14, 21 na 28. Maabara, msomaji wa slaidi anahesabu vimelea hadi afikishe chembe nyeupe 200, halafu anazidisha kwa 40: vimelea 150 ni sawa na 6,000 kwa kila mikrolita ya damu. Kabla ya kuandika "hakuna", anatakiwa awe amepita chembe nyeupe 1,000.

Siku ya tatu vimelea vimebaki vichache mno, kwa hiyo msomaji aliyechoka akiishia chembe 200 atavikosa. Kosa la upande wa pili ni kuhesabu gametosaiti, zile hatua zinazosubiri mbu. Mseto hauziondoi haraka zikishakomaa, na kuwepo kwake si dalili ya usugu. Kundi la kawaida la utafiti kama huu lina wagonjwa 88. Wanane wakikutwa na vimelea ni asilimia 9.1, tisa, asilimia 10.2. Slaidi moja inavusha wilaya mstari wa asilimia 10! Kwa hiyo kila slaidi husomwa na watu wawili, kila mmoja bila kujua jibu la mwenzake, na wakipishana sana anaitwa wa tatu.

Asilimia 10 ya siku ya tatu ni kengele tu. Kuthibitisha kunahitaji jeni na mwendo wa vimelea vikubaliane kwa wagonjwa walewale: angalau asilimia 5 yao wawe na badiliko lililothibitishwa kuleta usugu, na pia wawe na vimelea siku ya tatu au vinavyotoweka polepole. Sera ya dawa hubadilishwa kwa kipimo kingine kabisa, yaani tiba ikishindwa kwa asilimia 10 au zaidi baada ya PCR, kipimo cha vinasaba, kutenganisha vimelea vilivyobaki na vipya alivyoletewa mgonjwa na mbu. Hapo inalinganishwa damu ya siku ya sifuri na ya siku aliyorudi, zote zikiwa zimehifadhiwa kama matone kwenye karatasi ya chujio. Karatasi ikifungwa kabla haijakauka, au bila silika ya kunyonya unyevu, inaota ukungu na jibu linapotea. Kagera na mvua zake, hili si jambo dogo.

Kwa maoni yangu, taasisi ya serikali isitoe asilimia ya siku ya tatu peke yake. Iambatane na kiwango cha kupona baada ya PCR, idadi ya waliopimwa na jina la wilaya, yote katika aya moja. Tena zahanati za wilaya husika zipate taarifa hiyo kabla ya waandishi wa habari, kwa sababu maswali yanaishia dirishani kwao.

Swali litakaloletwa mara nyingi ni la kipimo cha haraka. Mama amemaliza dozi, mtoto anacheza, kipimo bado kinaonyesha mistari miwili. Vipimo vingi vinanasa protini ya HRP2, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kuangalia kama mtu amepona, itumike hadubini. Na kabla ya kulaumu dawa, muulizeni alivyoimeza: dozi sita kwa siku tatu, ya pili saa nane baada ya ya kwanza, ya tatu saa ishirini na nne baada ya ya kwanza, zinazofuata kila baada ya saa kumi na mbili, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Bila mafuta, lumefantrini hufyonzwa kidogo sana.