Kugandisha udongo ili uchimbe handaki: naikubali, ila ya Shanghai bado inanisumbua

Kuna watu wakisikia udongo unagandishwa ndo handaki lichimbwe wanaona ni kuchoma hela tu, mainjinia wengine nao wanaisifia utadhani haijawahi kumwangusha mtu. Mi naikubali, ila kwa masharti.

Unachofanya ni kushusha mabomba ardhini halafu unazungusha humo maji ya chumvi yenye baridi kama nyuzi 30 chini ya sifuri, baada ya wiki kadhaa maji yaliyo kwenye mchanga yanaganda na ule mchanga uliokuwa unamwagika kama uji unakuwa ukuta. Ukiwa na haraka kuna nitrojeni kimiminika, hiyo ni nyuzi 196 chini ya sifuri, inagandisha ndani ya siku chache ila gharama yake utaisikia. Uzuri wake hakuna haja ya kupampu maji ya chini ya ardhi, maana ukiyapampu majengo ya jirani yanaweza kutitia.

Boston, Marekani, kwenye mradi wa Big Dig wa kupitisha barabara kuu chini ya jiji, waligandisha ardhi chini ya reli za stesheni ya South Station wakasukuma kwa jeki maboksi makubwa ya zege ambayo ndo handaki lenyewe, huku juu treni zinapita kama kawaida. Kwa kweli sioni njia nyingine ambayo ingewapa hiyo nafasi. Lakini maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, kwa hiyo ardhi inainuka, na reli pale ziliinuka kweli ikabidi zifuatiliwe muda wote.

Sasa Shanghai, Julai 2003, laini ya 4 ya metro (treni za chini ya ardhi) karibu na mto Huangpu. Walikuwa wanachimba njia ya kuunganisha mahandaki mawili, mtambo wa baridi ukaleta shida, joto likapanda, na uchimbaji ukaendelea hivyohivyo. Maji na mchanga vikaingia, majengo juu yakatitia, ukingo wa mto ukabomoka. Watu walishaondolewa lakini hasara ilikuwa kama yuani milioni 150, na laini yenyewe, ambayo inazunguka kama duara, duara lake likaja kukamilika mwishoni mwa 2007, miaka minne na zaidi imepotea!

Wanaoipinga wanaishika hiyo Shanghai kama ushahidi kwamba barafu haiaminiki. Mi siioni hivyo, kipimajoto kilikuwa kinasema na barafu ilichukua muda kulegea, sio kitu cha dakika mbili, nafasi ya kusimama ilikuwepo. Ndo maana mtu akiniambia ana bajeti ya mabomba na mtambo, swali langu la kwanza ni mtambo wa akiba uko wapi, na yule kijana anayesoma joto usiku ana ruhusa ya kusimamisha kazi bila kumpigia bosi?