Tiba ya hipnosisi na maumivu ya tumbo yasiyoonekana kwenye vipimo

Jina ndilo linaloanza kuharibu shauri. Ukitaka kumweleza mtu hipnosisi kwa Kiswahili, maneno yanayokujia haraka ni kupumbazwa, kiinimacho, mazingaombwe. Na kupumbazwa tunakujua: ni yule mama aliyerudi kutoka sokoni bila pochi wala hereni, akasimulia kwamba alisemeshwa na mgeni na kujikuta anavua vitu kwa mkono wake. Mtu mwenye picha hiyo kichwani, akiambiwa kuwa kuna tiba ya hipnosisi kwa maumivu yake, anakataa papo hapo. Simlaumu. Anadhani anaombwa akabidhi akili yake kwa mtu asiyemjua.

Mimi nadhani anakosa kitu cha maana, na ili kuona anakosa nini ni bora tuanzie tumboni.

Wapo watu waliozunguka hospitali kwa miaka. Wamepima choo, amiba hakuna. Wamepima H. pylori, bakteria wa tumboni, wamemaliza dozi. Wameingizwa kamera kooni, wamepigwa ultrasaundi, na kila jibu linarudi safi. Tumbo bado linauma, linajaa gesi, leo linaharisha, kesho choo hakipatikani. Madaktari huyaita maradhi haya kwa herufi tatu, IBS. Utumbo hauna kidonda. Kilichovurugika ni mawasiliano kati yake na ubongo, hata mwendo wa kawaida wa chakula unasikika kama maumivu. Mgonjwa huyu akiambiwa "huna kitu", anaondoka akijiona ameitwa mwongo.

Mwaka 1984, Dk. Peter Whorwell na wenzake wa Manchester, Uingereza, waliwachukua wagonjwa 30 wa namna hiyo, wale ambao tiba za kawaida zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapata hipnosisi, jingine mazungumzo na mtaalamu pamoja na vidonge visivyo na dawa. Kundi la mazungumzo lilipata nafuu ndogo, na mwenendo wa choo haukubadilika. Kundi la hipnosisi lilipata nafuu kubwa katika kila dalili. Watu 30 ni wachache, lakini kazi haikuishia hapo. Kliniki ikakua, na miaka 30 baadaye wakatoa hesabu ya wagonjwa 1,000 waliofuatana mlangoni: asilimia 76 walipata nafuu ya kiwango kilichowekwa. Kabla ya hapo, mwaka 2008, mwongozo wa tiba wa taasisi ya NICE ya Uingereza ulikuwa umeshasema kwamba mgonjwa ambaye dawa hazijamsaidia kwa miezi 12 afikiriwe kupelekwa kwenye tiba za kisaikolojia, hipnosisi ikiwa mojawapo.

Ndani ya chumba cha tiba hakuna saa inayoning'inizwa mbele ya macho kama kwenye filamu. Mgonjwa anakaa kitini, anafumba macho, anaongozwa kulegeza mwili na kukusanya mawazo mahali pamoja. Kisha anaambiwa aweke kiganja juu ya tumbo na ahisi joto likiingia, au auone utumbo wake kama mto uliokuwa ukienda kwa fujo na sasa unatulia. Anasikia kila neno. Akitaka kufumbua macho, anafumbua. Akirudi nyumbani anafanya mazoezi yaleyale peke yake, kwa kusikiliza rekodi, siku baada ya siku. Mtu aliyeporwa akili hapewi mazoezi ya nyumbani. Anayefanya kazi ni mgonjwa mwenyewe, na mtaalamu anamwonyesha njia. Tapeli wa sokoni hutumia haraka, vitisho na tamaa, wakati hipnosisi inahitaji utulivu na ridhaa.

Hata James Braid, daktari wa upasuaji wa Manchester hiyohiyo aliyelieneza jina hili miaka ya 1840 akilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi, baadaye alitaka kulibadilisha. Aliona kwamba wagonjwa wake hawakuwa wamelala, walikuwa wamezama katika wazo moja. Alichelewa, jina lilikuwa limeshakamata. Sisi tumerithi kosa lake na kuongeza letu.

Wanaotilia shaka wana hoja, na nzito zaidi inahusu ile asilimia 76. Hesabu ile haikuwa na kundi la kulinganisha. Watu waliofika Manchester walikuwa wamesubiri, wameamini, na kliniki yenyewe ilikuwa na sifa. Sehemu ya nafuu hiyo huenda ingekuja kwa kusikilizwa tu. Ndiyo maana utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2019 ninaupa uzito mkubwa zaidi. Uliwachukua wagonjwa 354 na kuwagawa katika makundi matatu: hipnosisi ya mtu mmoja mmoja, hipnosisi ya kikundi, na vikao vya mafunzo na kutiwa moyo bila hipnosisi. Baada ya miezi mitatu, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 40.8, 33.2 na 16.7.

Namba hizi nimezirudia mara nyingi. Mara ya kwanza zilinikatisha tamaa: kutoka 76 hadi chini ya nusu! Lakini angalia pengo. Kati ya 40.8 na 16.7 kuna watu 24 katika kila 100, yaani ukiwatibu wanne, karibu mmoja anapata nafuu ambayo vikao vya kutiwa moyo visingempa. Na maradhi yenyewe hayana dawa ya kuyamaliza. Halafu angalia namba ya katikati. Wagonjwa walioketi pamoja chumba kimoja na mtaalamu mmoja walikaribia matokeo ya wale waliohudumiwa peke yao. Kwetu, ambako wanasaikolojia ni wachache na wengi wako miji mikubwa, namba hiyo ya 33.2 ina maana kuliko 76 ya Manchester. Rekodi inaweza kuwa ya Kiswahili, na kikundi kinaweza kukutana katika chumba cha kliniki ya kawaida.

Nje ya tumbo, ushahidi hauko sawa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 kwa wanawake 200 wa upasuaji wa titi ulionyesha kwamba hipnosisi ya dakika 15 kabla ya upasuaji ilipunguza maumivu na dawa za usingizi. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2018 kwa wanawake 150, dakika zilezile 15, haukuona tofauti katika maumivu ya titi. Kuhusu kuacha sigara, ambako ndiko ahadi nyingi za matangazo ziliko, uchunguzi wa mwaka 2019 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, uliokusanya tafiti 14 haukupata ushahidi wa kutosha kwamba hipnosisi inashinda njia nyingine. Anayekuahidi kuacha sigara kwa kikao kimoja anakuuzia ahadi. Watu pia hatufanani: wachache huzama kwa urahisi, wachache karibu hawaathiriki, wengi tuko katikati.

Kuna mahali ambapo nawaunga mkono wapinzani bila kusita, nako ni kwenye kumbukumbu. Chama cha Madaktari cha Marekani kilitamka mwaka 1985 kwamba mambo yanayokumbukwa chini ya hipnosisi si ya kuaminika kuliko kumbukumbu za kawaida. Mtu anazidi kuwa na uhakika bila kuzidi kuwa sahihi. Familia zimevunjika kwa kumbukumbu zilizotengenezwa kwenye kiti cha mtaalamu. Mtaalamu akikuambia atafukua siri ya utoto wako uliyoisahau, inuka uondoke. Na mtu mwenye maradhi ya akili yanayomfanya aone au asikie yasiyokuwapo asiingie kwenye tiba hii bila daktari wake.

Hatari nyingine ni kwamba kujiita mtaalamu wa hipnosisi ni rahisi mno. Hata Uingereza jina hilo halilindwi na sheria. Kwa hiyo usimuulize cheti cha hipnosisi, uliza taaluma yake ya msingi: ni daktari, muuguzi, mwanasaikolojia? Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, basi anayefanya kazi hiyo huko aulizwe usajili wake.

Siku ya kwanza utamtambua mtaalamu wa kweli kwa maswali yake. Anayeijua kazi atataka kuona vipimo vyako kabla ya kukuambia ufumbe macho. Atauliza kama umeona damu kwenye choo, kama umepungua uzito bila sababu, kama tumbo hukuamsha usiku. Ukijibu ndiyo, atakurudisha hospitali kwanza.