Elfu Kumi ya Luku

Jamani, mimi ni Msondo damu. Mzee wangu aliipenda bendi hii ya Msondo Ngoma tangu 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Mimi niliikuta ni Juwata, baadaye ikawa OTTU, maana chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kilipobadili jina, bendi nayo ilibadilishwa. Majina yote hayo! Mimi miaka ishirini na saba kazini, hata cheo hakijabadilika.

Basi Jumamosi mama watoto akanipa elfu kumi: "Luku inalia tangu asubuhi. Usirudi bila umeme." Nikasema napita ukumbini mara moja, nisalimie. Nani aliwahi kuisalimia Msondo akaondoka?

Kiingilio kilimeza hela yangu ya bia. Nikabaki na soda moja, nainywa kidogo kidogo kama dawa ya kikohozi. Kiti cha plastiki, mguu mmoja umepinda. Ukicheka tu, unamwangukia jirani. Mbele yangu kijana kasimama, simu juu, anarekodi. Mzee Gurumo, mwimbaji wao wa zamani, Mungu amrehemu, nilimwona kwa macho yangu haya. Hawa wa sasa nimewaona kwenye simu ya mtu, tena kioo kina ufa.

Lakini tarumbeta zilipoingia! Bendi nyingi siku hizi zinabana matumizi: kinanda kimoja, mara kinajifanya saksofoni, mara tarumbeta. Hawa bado mtu anapuliza mpaka mishipa ya shingo inasimama. Wimbo ukaanza taratibu, mwimbaji anasimulia mikasa ya ndoa, nami natikisa kichwa kama shahidi mahakamani. Ghafla gitaa la solo likageuka. Chemko, pale wimbo unaposhika kasi! Magoti yangu, yaliyokataa kupanda daladala asubuhi, yakainuka bila kuniuliza.

Hapo ndipo shetani aliponipitia. Watu wanatunza, huyu elfu moja, yule elfu mbili. Mimi mfukoni noti moja tu. Nikaibandika kwenye paji la uso la mwimbaji, ikanasa kwa jasho. Kugeuka tu, nikakumbuka luku. Nikarudi, nikamnong'oneza: "Kaka, mimi nilikusudia mbili. Nirudishie nane."

Makelele yale, atasikia wapi? Akanishika bega, akavuta kipaza sauti: "Mzee wa elfu kumi, asante sana!" Ukumbi mzima makofi. Sasa chenji unaidai kwa sura ipi? Nikarudi kwenye kiti. Hakipo.

Nyumbani giza totoro. Mama watoto mlangoni, tochi ya simu usoni kwangu.

"Umeme?"

"Mtandao unasumbua, mke wangu. Kila kibanda nilichopita."

Hakujibu. Akaigeuza simu nione. Kumbe yule kijana wa kuniziba anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kashaniweka statasi: nimeinama, kiuno kinazunguka, noti hiyo naipeleka. Na sauti safi kabisa! "Mzee wa elfu kumi" unaisikia neno kwa neno.

Nikamwomba arudishe nyuma kidogo, pale tarumbeta zinapoingia.