Mkalimani wa mahakamani afundishwe nini kwanza?

Waandishi wa habari za mahakamani, na hata baadhi ya mawakili, wamezoea kusema kwamba upande wa mashtaka umethibitisha kosa "pasipo kuacha shaka yoyote". Sheria ya jinai tuliyoirithi kwa Waingereza haidai hivyo. Inadai isibaki shaka ya maana, ile ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuitolea sababu. Shaka ya kubahatisha haimwokoi mshtakiwa. Neno "yoyote" limeingia kwa sababu linajaza mdomo, na kwa kuingia kwake limepandisha kiwango cha uthibitisho juu ya kile ambacho sheria yenyewe imekiweka. Mkalimani anayelitumia hajavunja kanuni yoyote ya Kiswahili, tena ametumia msemo uliozoeleka, lakini amesema jambo ambalo sheria haikulisema.

Naanzia hapo kwa kuwa pendekezo linalosikika mara nyingi kuhusu mafunzo ya wakalimani wa mahakamani ni la orodha: Kiingereza upande wa kushoto, Kiswahili upande wa kulia, wakalimani waikariri na kutahiniwa. Silibezi pendekezo hilo. Nina mashaka tu kama ndilo la kuanza nalo.

Kwa Tanzania suala hili limebadilika sura tangu 2021, pale Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka huo ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa masharti. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili tangu zamani. Kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu, hata hivyo, shahidi alisema Kiswahili, hakimu akasikia Kiswahili, na kalamu ya hakimu ikaandika Kiingereza. Kwa hiyo kwa miongo mingi mkalimani mkuu wa mahakama zetu hakuwa karani aliyesimama kando ya kizimba, bali hakimu mwenyewe, ambaye hakuapishwa kwa kazi hiyo wala kufundishwa. Wanaodhani kwamba mabadiliko ya 2021 yameondoa haja ya mafunzo wanasahau kwamba uamuzi wa miaka yote hiyo umeandikwa kwa Kiingereza, na kila hukumu ya Kiswahili inayoutegemea inalazimika kuazima fikra kutoka lugha nyingine. Wanasahau pia kwamba wapo washtakiwa ambao Kiswahili kwao ni lugha ya sokoni, si lugha ya kujitetea.

Wanaotetea orodha wana hoja nzito, na kubwa kuliko zote ni ya usawa. Nchini Kenya kosa la kumpora mtu kwa silaha huitwa "wizi wa mabavu", na katika vitabu vya sheria adhabu yake bado ni kifo. Ukivuka mpaka wa Namanga kuingia Tanzania, kosa linalokaribiana nalo huitwa "unyang'anyi wa kutumia silaha", na adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30. Sasa mchukulie Mtanzania aliyesimamishwa mbele ya mahakama ya Mombasa akasikia neno "wizi". Kwa masikio yake wizi ni kuku, ni simu. Neno hilo halimtishi kadiri linavyopaswa kumtisha. Istilahi zilizosanifiwa, ambazo ni sehemu ya kazi ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) la Tanzania tangu lilipoundwa 1967, zingemsaidia mkalimani kujua angalau kwamba hapo pana mtego. Isitoshe, mahakama ya rufani husoma mwenendo wa shauri uliokwisha kuandikwa, na karani mmoja akitumia neno hili huku mwenzake wa wilaya jirani akitumia lile, majaji hawawezi kujua kama walioshtakiwa waliambiwa jambo moja au mawili.

Lakini orodha ina mahali inapoishia, na mfano ulio wazi zaidi ni wa mauaji. Orodha yoyote itakupa "kuua kwa kukusudia" upande mmoja na "kuua bila kukusudia" upande wa pili, na mwanafunzi ataondoka ameridhika. Kifungu cha 200 cha Kanuni za Adhabu ya Tanzania, ambacho Kenya inacho karibu neno kwa neno katika kifungu chake cha 206, kinasema dhamira ovu, ile inayolifanya kosa kuwa kuua kwa kukusudia, inatimia hata kama mtu alikusudia tu kumdhuru mwenzake vibaya. Mshtakiwa akisema, "Sikukusudia kumuua, nilitaka kumvunja miguu tu," anaamini amekana kosa. Kisheria huenda ametoa ushahidi mzito dhidi yake mwenyewe. Istilahi ni sahihi, tafsiri ni sahihi, na bado mtu aliyeko kizimbani na hakimu aliyeko mezani wanazungumzia mambo mawili tofauti. Mkalimani aliyefundishwa maneno peke yake hawezi hata kuhisi kwamba pana tatizo.

Hali ni hiyo hiyo kwa "kuachiwa huru", maneno yanayotumika kwa aliyeshinda kesi na kwa aliyefutiwa mashtaka tu, ambaye sheria inaruhusu ashtakiwe upya. Ndugu wanashangilia nje ya mahakama, na kabla hawajafika getini polisi wamemkamata tena.

Dai la upande wa pili, kwamba mkalimani afundishwe dhana kabla ya maneno, nalo lina hatari yake. Mkalimani anayeelewa sheria hushawishika kuieleza. Katika mahakama za chini, ambako washtakiwa wengi wanasimama bila wakili, karani mwenye huruma na ujuzi kidogo anaweza kumnong'oneza mtu kile anachopaswa kujibu, na hapo ukalimani umegeuka uwakili wa kificho. Mahakimu wanaoogopa jambo hili wana haki ya kuogopa. Hatari hiyo inaonekana zaidi wakati wa kujibu shtaka. Sheria inataka kukiri kwa mshtakiwa kuandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, na tangu shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la 1973 utaratibu unajulikana: asomewe shtaka katika lugha anayoielewa, aelezwe kila kiini cha kosa, ajibu, kisha asomewe maelezo ya tukio na kuulizwa kama anayakubali. Jibu la "ni kweli" peke yake limeshawasumbua sana majaji wa rufaa, kwa kuwa halionyeshi ni lipi hasa analolikubali. Na kama maneno hayo ni ya mkalimani, mshtakiwa akiwa amesema sentensi tatu kwa lugha yake, hayo si maneno yake tena.

Kwa maoni yangu hatari hii inapungua mkalimani anaporuhusiwa waziwazi kusimamisha shauri na kumwambia hakimu kwamba neno lililotumika halina mwenza, au lina wenza wawili wenye matokeo tofauti, na ombi lake likaandikwa katika mwenendo. Hapo ufafanuzi unatolewa na hakimu, mbele ya pande zote, bila kunong'ona. Mfano tunao Arusha kwenyewe. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, katika hukumu ya Akayesu ya 1998, ilimsikiliza mtaalamu wa isimu na kutenga aya kadhaa kueleza jinsi maneno ya Kinyarwanda kama "inyenzi" (mende) na "ibyitso" (washirika wa adui) yalivyoeleweka na kutafsiriwa. Majaji hawakulificha tatizo la lugha ndani ya tafsiri laini, waliliweka mahali ambapo yeyote angeweza kulipinga.

Mahakama ya wilaya haina fedha wala muda wa mahakama ya kimataifa, najua. Karani anayekalimani ndiye huyo huyo anayetafuta majalada na kuita mashahidi. Ndiyo maana muda mfupi wa mafunzo unaopatikana ningeutumia kwenye maneno thelathini au arobaini yanayodanganya, kama shaka, kukusudia, dhamana na kuachiwa, yakifundishwa pamoja na adhabu na matokeo yake, na iliyobaki ya orodha mtu akajisomea nyumbani. Na ningeomba kinasa sauti, kwa sababu pale ambapo maneno ya asili hayakuhifadhiwa, hata mkalimani aliyefundishwa vizuri kuliko wote hana njia ya kuonyesha kwamba alisema kweli, na mshtakiwa hana njia ya kuonyesha kwamba hakusema hivyo.