Imewahi kutokea, au imetokea mwaka huu? Kuhusu takwimu za ukatili wa wenza, Dodoma na Uswidi

Mjadala wa ndoa unapozuka kati yetu tuliohamia Ulaya ya kaskazini na ndugu zetu walioko Dodoma, haukawii kufika kwenye takwimu ileile. Mwaka 2014 Shirika la Haki za Msingi la Umoja wa Ulaya lilitoa matokeo ya mahojiano na wanawake 42,000 wa nchi 28. Nchini Uswidi, ninakoishi, asilimia 28 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza tangu walipofikisha umri wa miaka 15. Denmark walikuwa asilimia 32, Ufini asilimia 30, na Poland asilimia 13 tu. Mjomba wangu wa Nkuhungu huiandika takwimu hiyo kwenye kundi la familia kwa maneno machache: “Mwanangu, hao wanaokuja kutufundisha kuishi na wake zetu, wao wenyewe wanawapiga.” Kwa upande wa pili, watu ninaofanya nao kazi hapa Uppsala wakisikia nimetoka Tanzania hudhani papo hapo kwamba kipigo ni jambo la kwetu, na kwamba kwao ni ajali ya mtu mmoja mmoja aliyeharibika akili au aliyelewa.

Sikubaliani na mjomba wala na wenzangu wa kazini, kwa sababu wote wanaisoma takwimu bila kujali swali lililoizaa. Anayetaka kulinganisha nchi katika jambo hili, ambalo kwa kawaida hufanyika mlango ukiwa umefungwa, hana budi kwanza ajue nani aliulizwa, aliulizwa nini, akiwa na nani chumbani, na kuhusu kipindi gani cha maisha yake.

Mafaili ya polisi hayawezi kuwa kipimo. Katika utafiti huohuo wa Ulaya, ni asilimia 14 tu ya wanawake walioripoti polisi tukio baya kuliko yote walilofanyiwa na mwenza. Ikiwa hali ni hiyo mahali ambapo kituo kiko karibu na simu inapokelewa, mtu anaweza kukadiria mwenyewe hali ya mwanamke wa kijiji cha Bahi ambaye ili apate PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka hospitali aliyeumizwa, lazima apande bodaboda, apite mbele ya watu wanaomfahamu, na huenda akakutana njiani na shemeji yake. Nchi inayofungua Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vyake itaona kesi zikiongezeka kwenye vitabu, na ongezeko hilo linaweza kuwa habari njema. Ndiyo maana watafiti hutegemea tafiti za kaya, ambapo mdadisi anabisha hodi na kuuliza.

Swali lenyewe limechukua miaka mingi kutengenezwa. Tangu mwanasosholojia Murray Straus wa Marekani alipochapisha kipimo chake cha ukatili wa kifamilia mwaka 1979, imekuwa kawaida kuuliza kuhusu vitendo na kuacha majina ya jumla. Ukimwuliza mama wa Chamwino kama ananyanyaswa na mumewe, anaweza kusema hapana kwa moyo safi kabisa, kwa kuwa tangu utotoni ameambiwa kwamba kofi la mume ni sehemu ya ndoa. Ukimwuliza kama mumewe amewahi kumpiga kofi, kumsukuma, kumpiga teke, kumkaba shingo au kumtishia kwa panga, atajibu kitendo kimoja kimoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania, na asilimia 40 ya wanaume, waliona kuna angalau sababu moja inayompa mume haki ya kumpiga mke, kama vile kuunguza chakula, kubishana naye, au kutoka bila kumwambia. Pale ambapo zaidi ya nusu ya wanawake wana mtazamo huo, swali la jumla kuhusu unyanyasaji lingepima mtazamo, na kipigo chenyewe kingebaki bila kuhesabiwa.

Shirika la Afya Duniani lilitumia njia hiyo ya vitendo katika utafiti wake wa nchi 10 uliotolewa mwaka 2005, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Dar es Salaam asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono naye. Mbeya ilikuwa asilimia 56. Katika mji mmoja wa Japani ilikuwa asilimia 15, na katika eneo moja la vijijini Ethiopia asilimia 71. Tofauti hizo zilipatikana kwa dodoso moja na mafunzo yaleyale kwa wadadisi, na mimi naziamini kuliko milinganisho mingi iliyotangulia, ambayo ilikusanya pamoja tafiti zilizouliza maswali tofauti.

Hata hivyo dodoso zuri halitoshi. Taratibu za usalama zinazofuatwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinataka mwanamke mmoja tu ahojiwe katika kaya, asihojiwe mbele ya mtu mwingine, na utafiti utangazwe kijijini kama utafiti wa afya ili mume asijue kilichoulizwa. Mdadisi hufundishwa kubadili mada mara mtu anapoingia, aanze kuuliza kuhusu chanjo au maji. Nawaomba wasomaji wanaoijua Dodoma wafikirie jambo hilo likifanyika Chang'ombe, katika nyumba ya kupanga ambayo vyumba vinatenganishwa na ukuta usiofika darini, au katika tembe la Wagogo ambamo mama mkwe, wifi na watoto wako ndani mchana kutwa. Mdadisi wa kike anayezungumza Kigogo au Kirangi, na mwenye subira ya kungoja mpaka mama mkwe aende kisimani, atapata idadi tofauti na yule mwenye haraka ya kumaliza kaya zake kabla gari halijaja kumchukua. Wote wawili wataandika “hapana” au “ndiyo” kwenye kishikwambi, na ofisini hakuna atakayejua tofauti.

Hapa Uppsala, nilipokuwa mjamzito, mkunga alimwomba mume wangu atupishe kidogo kisha akaniuliza, kwa sauti ileile aliyonipimia nayo shinikizo la damu, kama kuna mtu nyumbani anayenipiga au kunitisha, na akaeleza kwamba huwauliza wajawazito wote. Mwanamke aliyezoea kuulizwa hivyo na mtu anayeheshimika, na aliyeona kwamba jibu lake halikumletea aibu, atakuwa mwepesi zaidi kumjibu mtafiti. Watafiti wengi wametumia hoja hiyo kueleza kwa nini nchi za kaskazini, zinazosifiwa kwa usawa wa kijinsia, zinaonekana kuwa na ukatili mwingi kuliko Poland au Hispania. Watafiti Enrique Gracia na Juan Merlo waliandika kuhusu jambo hilo mwaka 2016, na tangu hapo limejadiliwa sana.

Lakini sitaki kuwapa Waswidi njia rahisi ya kutokea. Mwaka 2019 Gracia na wenzake walichapisha uchambuzi uliochunguza kama wanawake wa Uswidi na wa Hispania walikuwa wanayaelewa na kuyajibu maswali kwa namna moja. Walikuta kwamba vipimo vinalinganika, na kwamba kiwango cha Uswidi bado ni cha juu. Kwa hiyo uwazi wa kusema hauwezi kubebeshwa tofauti yote. Mwanamume wa Kiswidi anayesukuma kigari cha mtoto bustanini anaweza pia kuwa anampiga mama wa mtoto huyo, na wenzangu wa kazini wanapaswa kulikubali hilo bila kuizungumzia Afrika.

Nimekuwa nikingoja kufika hapa, kwa sababu hapa ndipo naona tofauti halisi kati ya nyumbani na ugenini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio ya mwaka 2018 kwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenza. Kwa swali la kama imewahi kutokea, Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa asilimia 33 na Ulaya ya kaskazini asilimia 23. Hizo hazijaachana sana. Kwa swali la kama imetokea katika miezi 12 iliyopita, Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa asilimia 20, na Ulaya ya kaskazini asilimia 5. Kwa maneno mengine, kwa kila wanawake watano wa huku waliowahi kupigwa au kulazimishwa, mmoja hivi bado alikuwa katika hali hiyo mwaka huo. Kwetu ni watatu kati ya watano.

Zipo sababu za kitaalamu za kuwa mwangalifu. Tukio la zamani husahaulika, na wake vijana, ambao kwetu ni wengi, hukumbwa zaidi na ukatili wa karibuni. Hata hivyo pengo la mara nne ni kubwa mno kuelezwa kwa kumbukumbu na umri peke yake, na mimi nalisoma kama kipimo cha mlango: nani anaweza kutoka. Mauaji, ambayo hayategemei mtu kukiri chochote, yanaelekea upande huohuo. Kwa mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria wanawake na wasichana 51,100 duniani waliouawa na wenza au ndugu zao, na kiwango cha Afrika kilikuwa 2.9 kwa kila watu 100,000 wa jinsia hiyo, wakati Ulaya kilikuwa 0.6, ingawa kumbukumbu za vifo katika nchi nyingi za Afrika ni pungufu.

Mwanamke wa Uswidi anatozwa kodi kwa mshahara wake mwenyewe, bila kuunganishwa na wa mumewe, tangu mwaka 1971. Akitaka talaka hahitaji kuthibitisha kosa. Wakiwa na mtoto mdogo sheria huwapa miezi sita ya kutafakari, kisha ndoa inavunjwa. Manispaa ina wajibu wa kumtafutia mahali pa kulala. Hata hivyo mlango huo hauwi mpana hivyo kwetu sisi wahamiaji. Dada zetu waliokuja kwa kibali cha ukaazi kilichotokana na ndoa huogopa kwamba wakimwacha mume watarudishwa, na ingawa sheria inatoa nafuu kwa aliyefanyiwa ukatili, wengi hawaijui au hawana ushahidi, nao hukaa kimya katika nyumba zenye joto la kutosha.

Na nyumbani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba, mila yoyote isemavyo, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kipigo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini kati ya kifungu cha 66 na mwanamke wa Mvumi kuna ng'ombe wa mahari ambao baba yake ameshawagawa kwa kaka zake, kuna shamba la mtama na uwele lililo kwenye ukoo wa mume, kuna watoto ambao ataambiwa ni wa ukoo huohuo, na kuna Baraza la Usuluhishi ambalo kwa kawaida hutangulia kabla shauri la talaka halijafika mahakamani. Nimewasikia shangazi zangu, wanawake wenye upendo wa kweli, wakimwambia binti “vumilia, mwanangu, hata sisi tulivumilia,” kisha wakamsindikiza kurudi alikotoka. Hawakuwa na chumba cha kumpa wala chakula cha ziada cha watoto wanne mpaka mavuno.

Kwa hiyo nafurahi, na pia najizuia, ninaposoma kwamba wanawake waliosema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu umri wa miaka 15 walikuwa asilimia 40 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, na asilimia 27 katika ule wa mwaka 2022. Nimewaona watu wakiiweka 27 hiyo kando ya 28 ya Uswidi na kutangaza kwamba tumekuwa sawa, ilhali ya kwetu inahesabu ukatili wa kimwili kutoka kwa mtu yeyote, na ya kwao inahesabu ukatili wa kimwili na wa kingono kutoka kwa mwenza. Namba mbili zilizozaliwa na maswali mawili haziwekwi kwenye mstari mmoja. Kulinganisha Tanzania na Tanzania ya miaka saba iliyopita, kwa dodoso lilelile, ni salama zaidi, nami naamini kuna upungufu wa kweli, hasa kwa akina mama wa mijini wenye kipato chao, VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) na simu yao. Ila ningependa kuuona upungufu huo ukipimwa kwa miezi 12, mkoa kwa mkoa, Dodoma na Singida zikiwa na kurasa zao.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko Dodoma hapo hapo, na tafiti zake tayari huuliza kama mwanamke aliyefanyiwa ukatili aliomba msaada na kwa nani. Jibu linalotangulia ni ndugu, na polisi huja nyuma sana. Naomba swali hilo lisogezwe hatua moja mbele: aliondoka au hakuondoka, alilala wapi, alikaa muda gani, na nini kilimrudisha. Majibu yake yatolewe kwa kila halmashauri, ili madiwani wa Chamwino, Bahi na Kongwa wanapopanga bajeti wajue kama wanawake wao wanarudi kwa sababu ya watoto, ya mahari, ya shamba, au kwa kukosa chumba cha kulala kwa wiki mbili, kwa kuwa kila sababu kati ya hizo inahitaji fedha tofauti na ofisi tofauti ya kuishughulikia.